SOMO LA MADEREVA NA MAFUNDI: Eriali moja ya simu ya upepo na redio katika gari la shamba



Katika mikutano ya matawi, madereva na makanika wametuuliza mara nyingi jinsi ya kufunga simu ya upepo ya CB katika gari la shamba bila kuing'oa redio ya habari. Wengine wanazo eriali mbili ambazo hugongana na matawi ya miti kila siku. Wengine wameambiwa na ofisi kwamba tundu moja tu litatobolewa katika bodi, basi wachague wenyewe, simu au redio. Tunajibu kwamba si lazima kuchagua. Iko eriali moja inayofanya kazi zote mbili, na fundi wa kawaida mwenye drili, spana na subira anaweza kuifunga.

Somo hili tumelitayarisha lisomwe na vikundi vya masomo vya matawi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mwisho mjadiliane maswali yaliyo chini.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA

Mtu anaweza kusema eriali ni kazi ya gereji, chama kinaingiaje? Tutaeleza.

Mashamba yetu ya chai, miwa na miti yako mbali na barabara kuu. Simu ya mkononi hushika juu ya kilima, lakini ukishuka bondeni inakatika. Mchumaji akiumwa na nyoka, trekta ikipinduka, au mtu wa msumeno akiangukiwa na mti, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Gari la wagonjwa haliwezi kuja kama halikuitwa.

Katika shamba moja tulilotembelea, gari lilikuwa na simu ya upepo mpya kabisa. Eriali yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa kuchomelea kwenye bampa ya nyuma, chini ya mzigo. Siku mfanyakazi alipovunjika mguu katika sehemu ya mbali, dereva aliita na kuita. Yeye aliisikia ofisi vizuri, lakini ofisi haikumsikia. Mgonjwa alifikishwa zahanati jioni, akiwa ndani ya tela la majani ya chai. Baadaye ofisi ilisema dereva hakujua kutumia chombo. Kamati ya tawi iliomba gari lipimwe mbele ya mashahidi, na ilionekana wazi kwamba kosa lilikuwa katika ufungaji wa eriali. Barua ya onyo ya dereva ilifutwa.

Basi, ndugu, kujua jinsi chombo kinavyofanya kazi ni kinga ya mwili wako na ya kibarua chako pia.

CB NI NINI

CB ni simu ya upepo ya watu wa kawaida. Ilianza Marekani. Mwaka 1958 serikali ya huko iliwapa raia sehemu ya masafa karibu na megahezi 27. Kwanza ziliruhusiwa chaneli 23, na kuanzia mwaka 1977 zikawa 40, kutoka megahezi 26.965 hadi 27.405. Nguvu iliyoruhusiwa kwa mtindo wa kawaida ni wati 4, yaani ndogo kuliko ya balbu ya tochi kubwa.

Ni vizuri wafanyakazi wajue kwamba waliokifanya chombo hiki kijulikane ni madereva wa malori. Mwaka 1973 mafuta yalipopungua na bei kupanda, madereva wa Marekani waliambiana kwa CB wapi dizeli inapatikana. Mwezi Desemba mwaka huo walifunga barabara kadhaa kupinga bei ya mafuta na mwendo mdogo, wakiitana kwa CB. Januari 1974 sheria ya nchi nzima iliweka mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, na madereva wakaendelea kupashana habari barabarani. Chaneli 9 huko iliwekwa kwa ajili ya dharura, na chaneli 19 ikawa ya madereva kwa mazoea.

Hapa kwetu tusidhani kwamba kila mtu anaweza kuwasha na kusema. Masafa ni mali ya taifa, na kila nchi ina chombo chake cha kuyasimamia. Uganda ni Tume ya Mawasiliano, UCC. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Tanzania ni TCRA. Kabla ya kufunga, mwajiri apate kibali na aonyeshe kamati nakala yake, pamoja na chaneli zilizoruhusiwa. Kibali ni jukumu la mwenye gari. Dereva asikubali kuendesha gari lenye simu isiyo na kibali, maana akisimamishwa njiani yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.

ERIALI MOJA, KAZI MBILI

Simu ya upepo hupokea na hutuma. Redio ya habari hupokea tu. Ukiunganisha zote mbili kwenye fimbo moja bila mpango, siku utakapobonyeza kusema, nguvu ya simu itaingia mdomoni mwa redio na kuiharibu.

Kwa hiyo kati yake huwekwa kisanduku cha kugawa. Ndani yake mna koili na kapasita. Hicho ni kama mlinzi wa lango. Mawimbi ya megahezi 27 huyapeleka kwenye simu, na mawimbi ya matangazo huyapeleka kwenye redio. Unaposema, huzuia nguvu ya simu isiende kwenye redio. Kisanduku kina ncha tatu: moja ya kwenda kwenye eriali, moja ya simu yenye plagi kubwa ya kukaza kwa kuzungusha, na moja ya redio yenye plagi ndogo ya kusukuma.

Msikubali mtu awaambie kwamba mnaweza kuziunganisha nyaya tatu kwa mkono na kufunga utepe. Bila kisanduku hakuna kazi.

Sasa urefu wa fimbo. Mawimbi ya CB yana urefu wa mita 11 hivi. Fimbo inayofanya kazi vizuri ni robo ya urefu huo, yaani karibu mita 2 na sentimita 75. Fimbo ndefu hivyo ni shida katika shamba la miti. Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza fimbo fupi yenye koili, ama chini, ama katikati, ama juu. Waya uliozungushwa katika koili hufidia urefu uliopunguzwa. Lakini jueni kwamba fimbo ikiwa fupi sana uwezo wake unapungua. Fimbo ya mita moja au moja na nusu, yenye springi chini, inafaa kwa gari la shamba.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba fimbo ni nusu tu ya eriali. Nusu nyingine ni bodi ya gari. Chuma cha bodi ndicho kinachokamilisha njia ya umeme wa mawimbi. Fimbo nzuri iliyofungwa mahali pasipogusa chuma kitupu ni sawa na mtu anayesukuma gari akiwa amesimama kwenye utelezi.

VIFAA

Tayarisheni mapema:
1. Eriali ya kazi mbili pamoja na springi na kitako chake.
2. Kisanduku cha kugawa, kama hakikuja pamoja na eriali.
3. Kebo ya eriali ya omu 50, nzima bila viungo.
4. Drili, tupa, msasa, spana, bisibisi, koleo na kifaa cha kulehemu.
5. Ringi ya mpira ya kukinga kebo inapopita kwenye tundu la bati.
6. Waya mnene wa athi, grisi, rangi kidogo, na utepe wa mpira wa kuzuia maji.
7. Fyuzi na nyaya za betri.
8. Mita ya umeme ya kupima omu, na mita ya kupima mawimbi yanayorudi, ambayo wauzaji huiita mita ya SWR.

Mita hii ya mwisho ofisi nyingi hukataa kuinunua. Msianze kazi bila hiyo. Mita moja yatosha magari yote ya shamba na hudumu miaka, na bei yake haifiki bei ya simu moja iliyoungua.

KUCHAGUA MAHALI

Mahali bora kuliko pote ni katikati ya paa, kwa kuwa mawimbi hutoka sawasawa pande zote. Ukiweka kwenye kona, mawimbi huwa na nguvu zaidi kuelekea kona iliyo mkabala, kupitia juu ya bodi, na upande mwingine hupungua. Ukiweka chini kwenye bampa, bodi inaziba, kama lilivyokuwa gari lile tulilolitaja.

Lakini paa lina hatari yake katika shamba. Pimeni urefu wa gari pamoja na fimbo, kisha tembeeni njia zote gari linazopita mkiangalia nyaya za umeme, milango ya kiwanda na mizani. Fimbo ikigusa waya wa umeme mkubwa, dereva na abiria wanaweza kufa. Kama kuna mahali penye nyaya zilizolegea, msifunge juu ya paa. Tumieni madigadi ya mbele au ubavu wa nyuma karibu na paa, na hakikisheni koili iko juu kuliko bodi.

Tena angalieni gari ni la aina gani. Land Rover za zamani, Series na Defender, zina bodi ya aluminiamu juu ya chesi ya chuma. Kitako cha sumaku hakishiki kwenye aluminiamu. Toyota Land Cruiser ya kazi ina paa la chuma, na sumaku hushika, lakini katika barabara ya mawe na matawi sumaku huteleza na kukwaruza. Kwa gari la shamba, tobo na nati ni salama kuliko sumaku.

KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza. Zimeni injini, toeni waya hasi wa betri. Chunguzeni chini ya bati mtakapotoboa. Kuna nyaya? Kuna tangi la mafuta? Fundi mmoja atoboe, mwingine awe ndani akiangalia. Mtoboaji avae miwani, maana vumbi la chuma halina huruma kwa jicho.

Hatua ya pili. Toboeni tundu kwa kipimo cha kitako, si zaidi. Laini kingo kwa tupa. Upande wa chini wa bati, kuzunguka tundu, kwangueni rangi mpaka chuma king'ae, upana wa sarafu. Hapo ndipo kitako kitashika athi. Fundi akiogopa kuharibu rangi, eriali itakuwa pambo.

Hatua ya tatu. Pakeni grisi kidogo, fungeni kitako, kazeni nati. Kwa bodi ya aluminiamu, chuma na aluminiamu vikigusana na kupata maji huliana na kufanya unga mweupe, na athi hukatika polepole. Kwa hiyo grisi ni lazima, na kwa nje pakeni rangi kuziba unyevu. Tena bati la aluminiamu limeunganishwa na chesi kwa skrubu zilizoota kutu. Ongezeni waya mnene mfupi kutoka kwenye kitako au bati hadi kwenye chesi.

Hatua ya nne. Pitisheni kebo. Isipite pamoja na nyaya za plagi za injini, isiguse bomba la moshi, isibanwe na mlango. Kila tundu la bati liwekewe ringi ya mpira, kwa sababu gari likitikisika miezi sita bati litakata kebo kama kisu. Kabla kebo haijaingia ndani, iacheni ining'inie kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondokee nje.

Hatua ya tano. Kabla ya kuunganisha, pimeni kebo peke yake, ncha zote mbili zikiwa wazi. Waya wa katikati na wavu wa nje zisigusane hata kidogo. Kisha pimeni kutoka kitako hadi waya hasi wa betri. Mita isome karibu na sifuri. Pimeni kebo peke yake, maana baadhi ya eriali zenye koili chini huonyesha kama zimegusana zikipimwa kwa mita ya umeme, na hiyo ndiyo asili yake. Mafundi wengi wametupa eriali nzima kwa kutojua hilo.

Hatua ya sita. Nyaya za umeme za simu zitoke moja kwa moja kwenye betri. Waya chanya uwe na fyuzi ya kipimo kilichoandikwa na kiwanda, na fyuzi ikae karibu na betri. Fyuzi ikiwa mbali, waya ukichunwa njiani gari litawaka moto kabla fyuzi haijakatika. Simu nyingi za CB ni za volti 12. Malori na matrekta mengi makubwa yana volti 24. Msiunganishe simu ya volti 12 na volti 24 hata kwa dakika moja, wala msichukue umeme kwenye betri moja kati ya mbili, kwa kuwa betri hizo zitachajiwa bila usawa na kufa mapema. Nunueni kipunguza volti.

Hatua ya saba. Wekeni kisanduku cha kugawa nyuma ya dashibodi, pakavu. Waya mfupi wa kwenda kwenye redio ya habari msiubadilishe kwa kebo ya simu. Waya ule ni wa aina yake, na ukibadilishwa stesheni za masafa ya kati husikika kwa mbali.

KUPIMA KABLA YA KUSEMA

Sasa ndipo penye siri ya kazi yote. Simu isibonyezwe kamwe ikiwa haina eriali. Nguvu inayotumwa ikikosa njia hurudi nyuma na kuunguza transista ya mwisho.

Pelekeni gari uwanjani, mbali na kuta, miti na magari mengine. Fungeni milango. Watu wasimame mbali. Kwanza ungeni eriali moja kwa moja na simu kupitia mita, bila kisanduku. Wekeni swichi ya mita kwenye FWD, bonyezeni maikrofoni, zungusheni kitufe mpaka sindano ifike alama ya mwisho. Geuzeni swichi kwenye REF na msome. Fanyeni haraka, na sikilizeni kwanza kama chaneli haitumiwi na mtu.

Maana ya namba ni hii. Ikisoma 1.5, ni asilimia 4 tu ya nguvu inayorudi. Kazi ni nzuri. Ikisoma 2, inarudi asilimia 11. Inavumilika. Ikisoma 3, inarudi robo nzima. Acheni kusema mpaka mmetengeneza.

Pimeni chaneli 1, kisha 20, kisha 40, kwa zile mlizoruhusiwa. Andikeni namba zote.

Kama chaneli 40 ina namba kubwa kuliko chaneli 1, fimbo ni ndefu. Ishusheni au kateni milimita chache, mpime tena. Kama chaneli 1 ina namba kubwa kuliko 40, fimbo ni fupi. Ipandisheni. Kateni kidogo kidogo, kwa sababu kilichokatwa hakirudishwi. Kama namba ni kubwa zaidi ya 3 katika chaneli zote, msiguse fimbo. Kosa liko kwenye athi, kebo au plagi. Rudini hatua ya pili na ya tano.

Zikiisha kuwa nzuri, ingizeni kisanduku kati ya mita na eriali, redio ikiwa imechomekwa, mpime mara ya pili. Namba itapanda kidogo tu. Visanduku vingine vina skrubu ndogo ya kusawazisha. Izungusheni polepole hadi namba ishuke.

Mwisho fungulieni redio ya habari. Redio za zamani zina skrubu ya eriali karibu na tundu la plagi. Tafuteni stesheni dhaifu ya masafa ya kati karibu na kilohezi 1400, mzungushe skrubu hiyo hadi sauti iwe kubwa. Redio za kisasa hazina skrubu hiyo. Kisha washeni injini msikilize. Mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini unatoka kwenye altaneta. Mkwaruzo wa mfululizo katika injini ya petroli unatoka kwenye plagi na nyaya zake.

TAHADHARI

Usiguse fimbo mtu anaposema, inaunguza ngozi. Usibonyeze simu gari likitiwa mafuta. Kwenye machimbo ya mawe ambako baruti hulipuliwa kwa umeme, simu izimwe kabla ya kufika, maana mawimbi yanaweza kuwasha kilipuzi. Radi ikianza, msitumie simu. Ncha ya fimbo iwe na kidonge cha plastiki ili isitoboe jicho la mtu. Mkiifunga fimbo kwa kamba kupita chini ya miti, ifungueni kabla ya kusema.

Kila wiki dereva akaze nati na atazame springi. Kila baada ya miezi mitatu mita irudishwe, na namba ziandikwe katika daftari la gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NANI ANASIKILIZA?

Kazi yote hii ni bure kama upande wa pili hakuna mtu. Tumeona mashamba ambako simu ya ofisini huzimwa saa 11 jioni karani anapokwenda nyumbani, na wakata miwa bado wako porini. Tumeona pia mashamba ambako simu inatumika kumfuata dereva tu: yuko wapi, kwa nini amesimama, nani amepanda. Akiita kwa ajili ya mgonjwa anaambiwa asubiri.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa mfanyakazi. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo. Unasema wafanyakazi wapewe habari na washauriwe kuhusu usalama wao, na kwamba wana haki ya kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa. Hata pale ambapo nchi haijauridhia, ni kipimo kizuri cha kuweka mezani.

Kwa hiyo matawi yadai haya katika majadiliano na mwajiri:

(a) Simu ya zahanati au ofisi iwe na msikilizaji muda wote ambao watu wako kazini, na saa zake zilipwe.
(b) Chaneli moja iliyoruhusiwa itengwe kwa dharura, isitumiwe kwa maagizo ya nyapara.
(c) Saa za kufunga, kupima na kujifunza ziwe saa za kazi zenye malipo.
(d) Dereva asikatwe mshahara kwa eriali iliyovunjwa na matawi katika njia aliyotumwa.
(e) Daftari la vipimo lionekane na kamati ya usalama.
(f) Redio ya habari ising'olewe. Dereva anayekaa barabarani siku nzima ana haki ya kusikia habari za nchi na matangazo ya vifo vya jamaa zake.

Neno hili la mwisho baadhi ya wakubwa hulicheka. Lakini katika shamba moja ofisi iliziondoa redio zote siku simu za upepo zilipofika, na dereva mmoja akakosa mazishi ya mama yake kwa kuwa tangazo lilipita hana pa kulisikia. Baada ya hapo kamati ilipeleka hesabu ya bei ya kisanduku cha kugawa. Bei ilikuwa ndogo mno hata ofisi haikuwa na la kusema, na redio zikarudi.

JINSI YA KUITA KATIKA DHARURA

Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme. Taja unayemwita, kisha jina la gari lako. Sema mambo manne tu: uko wapi, kumetokea nini, wameumia wangapi, unahitaji nini. Achia kitufe usikilize. Asiyehusika anyamaze. Katika mabonde mawimbi hayafiki mbali. Panda juu ya kilima, hata mita mia chache, uite tena. Na ukisikia sauti za nchi za mbali zinaingia, usishangae. Miaka ambayo jua lina madoa mengi mawimbi haya hudunda angani na kuvuka nchi. Subiri kidogo urudie.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika shamba au kiwanda chetu, ni sehemu zipi ambako gari haliwezi kuita? Zichoreni katika ramani.
2. Magari mangapi yana simu, na ni mangapi yamepimwa kwa mita?
3. Ofisi ina kibali? Nani kati yetu amekiona kwa macho yake?
4. Nani anasikiliza saa 12 jioni?
5. Kati ya madai (a) hadi (f), tuanze na lipi, na nani ataandika barua?

Katibu wa kila tawi atutumie majibu ya swali la kwanza na la nne kabla ya mkutano ujao wa kanda. Tutayapanga pamoja, tawi kwa tawi, tuyaweke mbele ya waajiri kwa sauti moja.